Teksi za pamoja kutoka Dimapur hadi Kohima wakati wa tamasha la Hornbill

Anayekwenda Hornbill, tamasha la makabila ya Wanaga linalofanyika tarehe 1 hadi 10 Desemba katika jimbo la Nagaland, kaskazini-mashariki mwa India, hufika kwanza Dimapur, penye kiwanja cha ndege na stesheni ya treni. Kutoka hapo hadi Kohima, mji mkuu wa jimbo, ni kama kilomita 70 za kupanda mlima, na gari linalofaa zaidi ni Sumo, teksi ya pamoja.

Ubora wake ni madereva wanaozijua kona. Udhaifu wake ni kwamba gari haliondoki mpaka lijae, kwa hiyo wahi asubuhi. Omba kiti cha mbele au safu ya katikati; safu ya nyuma ina mtikisiko mwingi na hubana magoti, na anayetapika safarini ataumia kweli. Mzigo hufungwa juu ya paa, basi uvike mfuko usiopitisha vumbi. Mara nyingi ucheleweshaji hutokana na maporomoko na matengenezo ya barabara. Usipange kupanda na kurudi siku moja: Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Kibali cha kuingia Nagaland kishughulikiwe mapema. Raia wa India kutoka majimbo mengine huhitaji Inner Line Permit (kibali cha kuingia jimboni); kwa wageni wa nje, sharti la kibali maalumu lilirejeshwa Desemba 2024.

Sumo haikufikishi kwenye uwanja wa tamasha. Kisama, kijiji linapofanyika tamasha, iko kilomita 12 kutoka Kohima, na hapo utahitaji teksi nyingine. Kwa safari ya mlimani yenyewe, huduma hii tunaipendekeza bila kusita.