Nilinunua fishfainda mbili kwa haya maji yetu ya Kisumu, moja nimeipeana

Mimi si mvuvi wa kazi, ni mtu wa ndoano wikendi tu, natoka ufuo wa Dunga alfajiri na boti ya mzee mmoja tunarudi kabla upepo wa mchana haujachafua maji. Fishfainda ni mashine ya kutafuta samaki chini ya maji. Ya kwanza nilinunua online, duka sitalitaja, ni zile ndogo za mkononi unatupa jicho lake (kile kifaa kinachopima) majini na waya wake, inakula betri nne ndogo kama za rimoti. Waliandika inasoma hadi mita 100 nikaona hapo ndio penyewe. Kumbe mita 100 ni za nini jamani, Ziwa Victoria lote pale kina kimezidi kabisa ni kama mita 80, na huku ndani ya ghuba ya Winam siku nyingi tuko kwa mita tatu, nne, tano. Nililipia kina ambacho sitawahi kufika.

Lakini kilichonimaliza ni zile picha za samaki. Siku ya kwanza skrini imejaa, samaki wakubwa kwa wadogo, inalia pii pii pii, tumekaa hapo masaa mawili hata omena (dagaa) wa kusingiziwa hatujaona. Mzee akaniuliza, "Kijana, hiyo TV yako inasema aje?" Halafu bila kungoja jibu akachukua kasia akachoma chini kwa matope, mapovu yakapanda bulu bulu bulu, na kwa skrini wakatokea samaki wengine saba. Alicheka mpaka nikaogopa boti itapinduka.

Ndio nikaanza kusoma hii kitu inafanyaje kazi. Inatuma sauti chini na kusikiliza mwangwi, na kinachorudisha mwangwi vizuri ni hewa. Kwa samaki hewa iko kwa mabondo, vile vifuko vya hewa tumboni, yale yale ya mbuta (sangara) yanayouzwa bei kali kwenda Uchina, lakini povu la matope nalo ni hewa, mashine haijui tofauti. Kwa hivyo ukinunua yoyote zima hizo picha, soma mwangwi wenyewe. Na ujue upande wa kulia wa skrini ndio sasa hivi, zingine zote ni mambo yamepita, samaki unayemwona kushoto ameshaenda. Boti ikitembea anachora kama upinde, ukiwa umetia nanga anachora laini ndefu, usidhani ni nyoka.

Ya pili ni Garmin Striker 4. Skrini ni inchi 3.5, ndogo eeh, lakini jua la saa sita likiwaka bado naisoma, ile ya kwanza ilikuwa lazima nijifunike na koti kama mtu anajifukiza. Sauti yake inapiga masafa mawili, kilohezi 77 na 200. Hii ya 200 inaonyesha vizuri lakini koni yake, yaani upana wa sauti inavyoshuka, ni nyembamba, chukulia digrii 20, kwa maji ya mita sita unaona duara la mita mbili hivi chini yako basi, ndio maana maji mafupi kama yetu nashinda kwa 77 ambayo inafagia upana zaidi. Iko na jipiesi (GPS) pia, na kusema ukweli hiyo ndiyo imenipa samaki kuliko sona, yaani ile sauti na mwangwi: nikipata mwamba au mahali chini panashuka ghafla naweka alama, wiki ijayo narudi hapo hapo. Ramani haipakii, wakikwambia inapakia wanakudanganya.

Mambo mawili yatakusumbua. Haiji na betri, utatafuta ya volti 12, na jicho usilibandike ndani ya boti ya mbao, halitaona kitu, lazima liguse maji. Mimi fundi wa jua kali alinikatia ubao nikaufunga nyuma na klampu, mbali na propela kwa sababu mapovu yake yanaharibu picha. Gugu maji likishika jicho unainua unatoa unaendelea.

Ile ya kwanza nilimpea mtoto wa dada yangu ana kidimbwi cha ngege (tilapia) huko Kakamega. Ananiambia mjomba hii mashine ni kali, kila akiitupa inaonyesha samaki.