Kiumbe wa kijani wa mana moja: umnunue yupi kwanza?

Ukianza kupanga deki (rundo lako la kadi za kuchezea) ya kijani, moja ya rangi tano, katika mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, mapema sana utajikuta unatafuta kiumbe wa mana moja wa kukuongezea mana, yaani malipo ya kuchezea kadi. Sababu ni rahisi. Kadi za ardhi, zinazotoa mana, huwekwa moja tu kila zamu, kwa hiyo ukimshusha kiumbe huyu zamu ya kwanza, zamu ya pili una mana tatu na mwenzako ana mbili. Unachonunua hasa ni hiyo zamu moja ya kumtangulia.

Mimi huwapima kwa maswali mawili. Je, ataifikia zamu ya pili akiwa hai? Wachezaji wana kanuni yao ya siku nyingi: ukiona ndege, mpige radi. Yaani Lightning Bolt, kadi ya mana moja yenye madhara 3, haionewi uchungu kutumika kwa kiumbe mdogo kama huyu. Swali la pili ndilo wageni husahau: nikimvuta zamu ya kumi, atanifaa kwa lipi?

1. Llanowar Elves. Yumo tangu toleo la kwanza la 1993 na amechapwa tena na tena, ndiyo maana bei yake iko chini. Nguvu 1 (madhara anayotoa), uhimilivu 1 (madhara yanayotosha kumuua). Ukimlaza upande anatoa mana moja ya kijani, basi. Zamu ya kumi hana kazi ila kujitupa mbele ya jitu linalokuja kukugonga. Lakini ule usemi wa rahisi ni ghali hapa haufui dafu: deki ya kijani kitupu haihitaji zaidi ya hapo. Elvish Mystic na Fyndhorn Elves ni yeye huyu huyu kwa majina mengine, na kwa kuwa ukomo wa kadi nne huhesabiwa kwa jina, ukicheza Pauper, mtindo wa kadi za kiwango cha kawaida tu, unaweza kujaza kumi na wawili.

2. Delighted Halfling. Wa 2023, mwenye uhimilivu 2, na hiyo nyongeza ya moja si ndogo. Toleo lilelile lilimleta Orcish Bowmasters, anayedonoa dhara moja moja na kufagia viumbe wote wa uhimilivu 1. Huyu hunusurika. Mana yake ya kawaida haina rangi. Ya rangi yoyote huitoa kwa kadi za legendari tu (zenye neno hilo, za wahusika na vitu vya pekee), na kadi uliyoilipia hivyo haiwezi kubatilishwa. Ukicheza Commander, mtindo ambao deki huongozwa na kadi moja iitwayo jemadari, ambayo kwa kawaida ni legendari, mpandishe awe namba moja.

3. Birds of Paradise. Rangi zote tano, na anaruka. Nguvu hana kabisa, ila mvishe upanga uone. Wa deki ya rangi tatu na kuendelea. Chini ya hapo unalipia rangi usizozitumia.

4. Noble Hierarch na Ignoble Hierarch. Wa kwanza (2009) hutoa kijani, nyeupe au buluu. Wa pili (2021) nyeusi, nyekundu au kijani. Kiumbe wako akishambulia peke yake, wao humwongezea 1 ya nguvu na 1 ya uhimilivu, kwa hiyo hata zamu ya kumi wanalipa kodi. 

5. Deathrite Shaman. Kwa uwezo mtupu angewafunika wote: anakula kadi za makaburini (marundo ya kadi zilizokwisha kutumika au kufa), na kila mlo unampa mana, unamtoa mpinzani uhai 2 au unakuongezea wewe 2. Ndiyo maana alipigwa marufuku katika mitindo ya mashindano ya Modern mwaka 2014 na Legacy 2018. Katika mtindo wa Pioneer anaruhusiwa, lakini huko ardhi za kujitoa kafara zilizokuwa zikimlisha zimefungiwa, kwa hiyo hushinda na njaa. Ukimwona kwenye orodha ya deki ya zamani, angalia mwaka kabla ya kutoa pesa.

Ukinunua kwa mtu binafsi, omba picha ya mgongo wa kadi. Kwa kioo cha kukuzia, ndani ya kitone cha kijani katika ile duara ya rangi tano, kadi halisi, isiyo ya kughushi, huonyesha vidoa vinne vyekundu vilivyopangika kama herufi L. Kwa Llanowar Elves usijisumbue. Kioo ni cha kadi za bei kubwa.