Nilivyopeleka makala kwenye jarida la mabibi na mababu: uzoefu wangu kutoka Tabora

Katika muda wa miaka miwili nimepeleka makala tatu kwa jarida linalohusu malezi ya wajukuu, ambalo ofisi yake iko Dar es Salaam na ambalo sitalitaja jina kwa kuwa sehemu ya maelezo yangu ni malalamiko. Moja ilikataliwa, mbili zimechapishwa. Nikiambiwa nitoe alama kama nilivyokuwa nikiwapa wanafunzi wangu kabla sijastaafu ualimu, nitawapa sabini kwa mia, na thelathini zilizobaki walizipoteza kwa kosa moja la jikoni ambalo nitalieleza.

Makala ya kwanza ilihusu umuhimu wa bibi na babu katika malezi. Niliiandika kwa mkono, nikaipeleka steshenari karibu na soko kuu ikataipiwe na kutumwa kwa barua pepe, na nilikuwa na hakika kwamba itapokewa, maana haikuwa na kosa hata moja la sarufi. Baada ya wiki tano mhariri alijibu kwa heshima, akiniita mama, kwamba hawataichapisha, kwa sababu aliisoma yote bila kujua wajukuu wangu ni wangapi, wana umri gani, wala jana yake walikula nini. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliisoma upya nikaona kwamba nilikuwa nimeandika andalio la somo. Jibu lile lilinisaidia kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa, na ni majarida machache yanayomjibu mwandishi asiyejulikana kwa kirefu namna hiyo.

Basi makala ya pili nikaijaza watu. Niliandika jinsi mimi na wajukuu wangu watatu tunavyotengeneza matobolwa wakati wa kiangazi, viazi vitamu vinapokuwa vingi na jua la Unyanyembe halina mzaha: vinachemshwa kwanza, vinamenywa, vinakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikauke, na kazi ya mjukuu mdogo ni kufukuza kuku, kazi anayoifanya huku akila nusu ya alichokabidhiwa kukilinda. Nilieleza pia kwamba ni pale penye kumenya viazi ndipo mjukuu wa kike aliponiambia jambo la shuleni ambalo hakuwa amemwambia mama yake, kwa sababu mikono ikiwa na shughuli mdomo hupata nafasi.

Jarida lilipofika, likiwa limeletwa kwa basi pamoja na nakala mbili za ziada, nilikuta kila penye neno matobolwa pameandikwa michembe. Msomaji wa pwani anaweza kudhani ni kitu kimoja chenye majina mawili. Michembe hukatwa na kukaushwa ikiwa mibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Kwa hiyo makala yangu ilimwonyesha bibi anayechemsha viazi halafu anavianika na kuviita michembe, na katika mtaa wetu wa Isevya nilichekwa na wanawake ambao hawajawahi kushika kalamu tangu waondoke darasa la saba. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba mhariri alitafuta neno ambalo wasomaji wengi zaidi wanalifahamu. Toleo lililofuata walichapisha masahihisho ya mistari miwili, ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo. Tangu hapo sikubali makala yangu iende mitamboni kabla sijatumiwa nakala iliyohaririwa, na ninamshauri kila mwandishi aliombe hilo kwa maandishi siku ile ile anapopeleka kazi yake, kwa kuwa wao wenyewe hawalitaji.

Kuhusu mkataba nitasema kwa ufupi. Hawalipi fedha, na hilo wanalisema wazi tangu mwanzo, kwa hiyo sina kinyongo. Lakini fomu yao ilisema haki zote za makala zinahamia kwao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliipa kazi ya maandishi ulinzi wa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, maana yake watakaofaidi ni wajukuu wale wale niliowaandika, na sikuona sababu ya kuwanyang'anya urithi, hata kama ni mdogo. Niliwaomba waandike kwamba ninawapa ruhusa ya kuchapisha mara moja tu. Walikubali bila ubishi. Picha nazo zinahitaji ridhaa ya mzazi kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 18, jambo lililomuudhi mjukuu wangu wa miaka kumi na sita, ambaye anajiona ni mtu mzima isipokuwa wakati wa kuosha vyombo.

Ni huyo huyo aliyeleta ubishi wa makala ya tatu. Amerithi jina la marehemu babu yake, na mimi tangu azaliwe ninamwita mume wangu, naye akirudi shuleni hunigombeza kwa nini chakula chake hakijaiva, kama utani wa bibi na mjukuu unavyotaka. Mhariri alilifuta neno hilo kote, akaweka mjukuu wangu mpendwa, kwa hofu kwamba wasomaji wangelielewa vibaya. Safari hii nilikuwa na nakala mkononi kabla ya kuchapwa, nikamwandikia kurasa mbili nikimweleza kwamba bila neno lile makala haina kiini: mtoto anayemtania bibi yake anajifunza kwamba yupo mtu mzima ambaye anaweza kumjibu bila kuchapwa, na ndiyo maana anapokuwa na aibu ya kumweleza baba yake jambo, huja kwangu. Nilimuuliza pia yeye bibi yake alimwitaje.

Alikaa kimya siku tisa. Kisha akanipigia simu, akacheka kwanza, akaniambia kwamba kwao Kigoma bibi yake alimwita mume mpaka siku anaoa, na siku hiyo akamdai talaka. Makala ilitoka na neno langu.