Miaka 3 ya kununua hausi na tekno kwa M-Pesa: uzoefu wangu na Bandcamp

Kilichonifanya nianze kulipia muziki ni aibu ya usiku mmoja. Nilikuwa nimepewa saa moja na nusu kwenye baa ya ghorofani upande wa Westlands, kabla ya diijei mkuu. Aliyenitangulia alikuwa amewaacha watu wamechemka. Nikaingiza ngoma ya tekno (tekno na hausi ni muziki wa dansi wa mashine) niliyokuwa nimeisikiliza wiki nzima kwenye simu, niliyoinyofoa kutoka kwenye video ya mtandaoni. Ilipoingia, ni kama mtu aliyerusha blanketi juu ya spika. Matoazi yakafa. Besi ikawa uji. Fundi wa sauti, mzee asiyependa maneno mengi, alikuja mpaka niliposimama, akainama sikioni: "Kijana, hiyo umeitoa wapi?" Nikamwambia mtandaoni. Akasema, "Irudishe."

Baadaye nilikuja kuelewa kosa langu. Sauti ya video huwa imeshaminywa, nami nilipoigeuza kuwa MP3 hafifu nikaiminya mara ya pili. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukata sauti zote zilizo juu ya kilohezi 16 hivi. Ndani ya matatu ya Umoja, na hedifoni za barabarani, huwezi kujua. Mbele ya spika za inchi 18 anajua hata askari wa mlangoni.

Mimi si mtu wa pesa. Mchana nachapa kadi za harusi na vitabu vya risiti River Road, na Jumamosi usiku nacheza muziki kwa malipo ambayo, ukishatoa teksi ya kurudi nyumbani, yanabaki ya maziwa na mkate. Kwa hiyo nilijiwekea mpaka: shilingi 2,000 kwa mwezi, zote Bandcamp, na zikiisha zimeisha.

Kwa asiyeijua, Bandcamp ni duka lililokuwepo tangu 2008. Msanii au lebo, yaani kampuni inayotoa muziki, anafungua ukurasa wake, anapanga bei yake, nawe unasikiliza kwanza ndipo ununue. Faili likiuzwa, kampuni inachukua asilimia 15. Santuri na fulana, asilimia 10. Ukitoa ada za malipo, kinachobaki ni cha mwenye kazi. Halafu kuna Ijumaa maalumu, ambazo zilianza tarehe 20 Machi 2020 korona ilipofunga kumbi za muziki. Siku hizo kampuni inaacha fungu lake kabisa. Siku yenyewe inahesabiwa kwa saa za California, jambo ambalo sikulijua. Ijumaa yangu ya kwanza nilikesha, nikabonyeza saa sita na dakika moja usiku nikijiona mjanja, kumbe kwao bado ni Alhamisi saa nane mchana. Kwetu inaanza Ijumaa saa nne asubuhi, au saa tano wakiwa kwenye majira yao ya baridi, na inakwenda hadi Jumamosi saa kama hiyo.

Kulipa ndiko kulikonitoa jasho. Duka linapokea kadi na PayPal. Kadi ya benki yangu, ambayo sitaitaja, ilikataliwa mara tatu, na nilipopiga simu nikaambiwa niende tawini na kitambulisho. Kwenda tawini kwa ajili ya dola 5! Kilichoniokoa ni M-Pesa GlobalPay, ile kadi ya Visa isiyoshikika iliyokuja 2022. Unaitengeneza ndani ya M-Pesa, unapata namba, na zile tarakimu 3 za usalama zinadumu muda mfupi tu kisha unaomba nyingine. Nazinakili kwenye karatasi chakavu ya dukani kabla sijafungua ukurasa wa malipo, maana mara mbili zimeisha muda nikiwa bado natafuta kalamu. Zaidi ya hapo haijawahi kunisumbua. Kosa limebaki langu: kuna asubuhi moja niliamka nimemaliza pesa kwa EP, yaani albamu fupi, ya mtu wa Detroit na ikabidi nikope nauli ya kwenda kazini kwa Fuliza ya M-Pesa.

Faili unaweza kulichukua kwa aina yoyote na kulipakua tena hata mwaka ukipita. Hapa nina ushauri mmoja tu. WAV, yaani faili la sauti isiyominywa, ya ubora wa CD ni kama megabaiti 10 kwa kila dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 7 unavuka 70, na EP ya nyimbo 4 inakula bando vibaya. FLAC ni ndogo zaidi bila kupoteza sauti, lakini mashine za zamani za CDJ, zile za diijei kuchezea muziki, haziisomi, na baa nyingi ninazocheza zina hizo za zamani. Mimi huchukua AIFF. Uzito wake ni sawa na WAV, ila jina la wimbo na picha ya jalada vinakaa humo humo ndani. WAV inaweza kukutokea kwenye kioo cha mashine bila jina la msanii, na saa nane usiku huna muda wa kubahatisha. Kama bando ni tatizo, MP3 ya kilobiti 320 iliyotengenezwa kutoka kwenye kazi halisi inatosha. Yule fundi nilimpima nayo bila kumwambia. Hakusema kitu, na kwake hiyo ni sifa.

Sasa muziki wenyewe.

Zamani nilikuwa na diski yenye nyimbo 9,000, na nisingeweza kukuimbia 200. EP moja mara nyingi ni dola 4 hadi 6, na dola iko karibu shilingi 130, kwa hiyo 2,000 zangu ni EP 3 kwa mwezi. Tatu! Hapo unasikiliza kama mtu anayechagua papai sokoni: unaigeuza, unaibonyeza, unaiacha, unarudi. Kuna nyimbo zilizonikamata mara ya kwanza, kufikia Alhamisi nimezichoka. Kuna nyingine nilizoziona baridi, na sasa siwezi kucheza bila hizo.

Nilichojifunza ni kufuata lebo kuliko msanii. Kwenye muziki huu mtu mmoja anaweza kuwa na majina matano. Larry Heard wa Chicago ndiye Mr. Fingers, na ukimtafuta kwa jina moja unakosa nusu ya kazi zake. Ukifuata lebo yake, Alleviated, unazipata pamoja, ikiwemo albamu yake ya 2018, Cerebral Hemispheres, ambayo naiweka mwanzoni mwa usiku watu wakiwa bado wameshika vinywaji. Jeff Mills wa Detroit ana Axis tangu 1992. Lebo ndogo huwa ni sikio la mtu mmoja au wawili, na ukishaliamini sikio hilo unaweza kununua jina ambalo hujawahi kulisikia. Ukiifuata lebo Bandcamp, kazi mpya ikitoka unapata barua pepe. Nafuata 14. Nilianza na 60, nikawa nafuta barua bila kuzisoma.

Miezi ya kwanza karibu zote nilizofuata zilikuwa za Chicago, Detroit, Berlin na London. Kisha nikaona jina la lebo moja, nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akauliza kuna nini: Hakuna Kulala. Iko Kampala, ni tawi la Nyege Nyege Tapes, na ndiyo iliyotoa Lasakaneku ya Slikback mwaka 2018. Slikback ni wa hapa hapa Nairobi! Nimelipa ada ya kadi ya kimataifa na kupitia seva za Marekani ili nimpate mtu ambaye labda tumewahi kupanda naye matatu moja. Muziki wake si wa kuchangamsha sherehe ya mtoto. Ngoma za besi zinaanguka kama mtu anayeshusha mabati kutoka kwenye lori, kisha panakuwa na kimya kifupi, kisha mabati tena. Mwaka 2025 alitoa Attrition kupitia Planet Mu ya Uingereza. Ile naisikiliza nyumbani tu, na jirani wa chini ameshanifahamu.

Kwenye Nyege Nyege Tapes nikakutana na Sounds of Sisso, mkusanyiko wa 2017 wa singeli kutoka Dar es Salaam. Niliuogopa. Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika na inaweza kukimbilia 300, wakati hausi yangu inatembea kwenye 120. Nilidhani haviwezi kukaa chumba kimoja. Ujanja ni hesabu ya darasa la tatu: tafuta ya 240, au isukume ifike hapo, kisha uiweke juu ya hausi ya 120. Kila pigo la hausi linapata mapigo mawili ya singeli, na vinashikana kama zipu. Nilijaribu Jumamosi moja saa nane usiku, nikiwa nimetoa besi ya singeli yote kwanza na kuiachia kidogo kidogo. Kwenye kona jamaa mmoja akapanda juu ya kiti. "Kaka! Hiyo ya kwetu hiyo!" Alikuwa amekuja Nairobi kununua vipuri, na hakuamini kuisikia Westlands. Baada ya hapo nilinunua Mr Mixondo ya DJ Travella, ya 2022, bila hata kusikiliza nusu yake. Kwa mpaka wangu huo ni uasi.

Nyingine ni Kilumi ya Coco Em, diijei na mtayarishaji wa Nairobi, iliyotolewa 2022 na InFiné ya Ufaransa. Niliicheza Jumapili nikipiga pasi. Mama alikuwa amekuja kutoka Machakos, akaniuliza inaitwaje. Nilipotaja jina akaweka kikombe chini. "Kilumi waijua wewe, mwanangu?" Akaniambia ni ngoma ya mizimu, ya akina mama wazee, ya kuombea mvua na kuponya wagonjwa, na bibi yangu aliwahi kuicheza. Hilo sikuwa nimelisikia maisha yangu yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema ngoma zimetulia lakini "huyo wa kompyuta anaharakisha." Sijui kama hiyo ni nyota nne au tano.

KMRU, msanii Mkenya wa muziki wa utulivu, pia yuko humo, ingawa si wa kuchezesha watu. Kazi yake Peel ya 2020 ni ya kulala chali. Kinachonigusa zaidi ni kwamba amekuwa akizirudisha sokoni nyimbo za babu yake, Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki 2018, kupitia duka hilo hilo.

Lawama? Santuri. Niliagiza moja tu kutoka kwa muuzaji wa Ulaya. Usafirishaji ulizidi bei ya santuri yenyewe, mzigo ulichukua wiki tisa, na ilipofika ilikuwa imepinda kama sinia lililosahauliwa jikoni. Muuzaji alinirudishia nusu ya pesa, nami nimeitundika ukutani. Siku hizi nikishikwa na hamu ya kushika kitu mkononi naenda Kenyatta Market, kwenye kibanda cha santuri za zamani, napita kati ya moshi wa nyama choma na wasusi wanaokuita hata kama umenyoa kipara. Tekno hutaipata pale, lakini benga na rumba zimejaa, na unaisikiliza kabla ya kutoa pesa.

Jambo lingine la kuangalia ni umiliki. Epic Games iliinunua Bandcamp 2022, ikaiuza kwa Songtradr 2023, na karibu nusu ya wafanyakazi wakabaki nje. Hadi sasa kwa upande wangu sijaona duka likibadilika, lakini kila nilichonunua kipo kwenye diski mbili, moja nyumbani na moja dukani River Road chini ya karatasi za risiti. Stima ikipotea katikati ya kunakili, kama ilivyotokea Aprili, unaanza upya tu.

Kwa diijei mdogo wa hapa anayetaka faili safi, naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa mtu anayetaka tu muziki nyuma akipika, ni gharama ya bure, redio ipo.

Mwezi huu nina EP 4 kikapuni na pesa za 3. Kuna moja ya tekno kutoka Berlin ambayo nimeisikiliza mara sita, na kila mara nikifika dakika ya nne najikuta nimeshika simu kuangalia ujumbe. Nadhani ndiyo itakayobaki.