Kilo ya DOS imekata faili yangu ya baiti 70,000 ikabaki 4,464

Kama una faili inayozidi baiti 32,767, usiifungue kwa toleo hili la Kilo, programu ya kuandikia maandishi, lililohamishiwa DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta. Hata kwa kuangalia tu, maana vidole vikishazoea Ctrl-S, amri ya kuhifadhi, huibonyeza vyenyewe.

Kwanza haki itendeke. Kilo ya asili, ile aliyoitoa Salvatore Sanfilippo mwaka 2016, haina kosa hapa. Ni programu ya C isiyofika mistari elfu moja, iliyoandikwa kwa mashine ambazo int, aina ya kawaida ya namba kamili, ina biti 32. Aliyeihamisha ndiye aliyeziacha int zote kama zilivyo, ilhali kwenye Open Watcom ya biti 16, kikusanyaji kilichotumika kugeuza msimbo kuwa programu ya DOS, int inaishia 32,767. Huo ndio mzizi wa maafa yote.

Ukihifadhi, Kilo hujumlisha urefu wa mistari yote, huomba nafasi ya kiasi hicho kwenye kumbukumbu, hunakili mistari humo, huipunguza faili iliyoko diskini ifikie urefu ule, kisha huandika kwa mkupuo mmoja. Kwenye Unix mpangilio huo ni wa busara. Kwenye biti 16, faili yangu ya baiti 70,000 ilijumlishwa, 65,536 zikapotea kwenye hesabu, zikabaki 4,464. Ikaombwa nafasi ya baiti 4,464, halafu zikamiminwa humo baiti zote 70,000, zikafunika kila kilichokuwa jirani. Mara nyingine mashine huganda papo hapo, na afadhali igande, kwa kuwa hapo faili ya diskini haijaguswa bado. Yangu haikuganda. Chini ya skrini kukatokea ujumbe kwamba baiti 4464 zimeandikwa diskini. Hakuna onyo, hakuna mlio.

Kinachoniudhi zaidi ni alama ya mabadiliko, ile inayoonyesha kuna maandishi hayajahifadhiwa. Baada ya uhifadhi huo wa uongo inafutwa, na onyo la Ctrl-Q, amri ya kutoka, linategemea alama hiyohiyo, kwa hiyo mbonyezo mmoja unakutoa nje na maandishi yote yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yanakwenda. Kilichobaki kwenye disketi ni mkia wa faili uliochanganyika na takataka, kwa sababu pointa, yaani anwani ya kumbukumbu, ikifika mwisho wa segimenti (kipande cha kumbukumbu) ya KB 64 huzunguka na kuanza mwanzo.

Na inauma kwa sababu kazi nyingine zote zimefanywa vizuri mno. Vibonye husomwa kwa INT 16h, huduma ya kibodi ya BIOS, si kupitia DOS, ndiyo maana Ctrl-S haisimamishi skrini na Ctrl-C haiui programu. Mishale inafika sawasawa: rejista ya AL ikiwa sifuri, ya AH ni 48h kwa juu, 50h kwa chini, 4Bh kushoto, 4Dh kulia. Skrini nayo haitegemei ANSI.SYS, kiendeshi cha DOS cha kutafsiri amri za skrini. Inaandikwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, segimenti ya B800h, baiti mbili kwa kila herufi, 4,000 kwa ukurasa wote, na mashine ya rangi moja ikigunduliwa inahamia B000h. Kilo huchora ukurasa mzima kila ukibonyeza kitu, hivyo bila njia hiyo ungesubiri kila herufi kwenye prosesa ya zamani ya 8088. Kwa Kiswahili ni raha tupu, kwani herufi zetu zote, hata ng' ya ng'ombe, zimo kwenye ASCII, orodha ya msingi ya herufi za kompyuta. Kwa barua na programu fupi ningeipa nyota nne.

Hapana. Programu ya kuandikia inayoharibu maandishi na kusema imeyahifadhi haistahili hata moja.

Ukitaka kuitumia, rekebisha msimbo kwanza. Jumla ya urefu iwe unsigned long, namba ya biti 32, lakini usiishie hapo, maana malloc, amri ya kuomba kumbukumbu, bado haitakupa zaidi ya KB 64 kwa mara moja. Ondoa kabisa ule mkusanyo wa mistari: andika mstari mmoja mmoja kwenye faili ya muda, linganisha idadi ya baiti kila baada ya kuandika, funga, ndipo ubadilishe majina. Kumbuka DOS hairuhusu kubadilisha jina kuwa la faili iliyopo, kwa hiyo futa .BAK ya zamani, ya sasa iite .BAK, kisha ya muda ipe jina halisi. Alama ya mabadiliko ifutwe baada ya hatua zote hizo kufaulu. Njia hii inahitaji nafasi diskini ya nakala hadi tatu kwa pamoja, basi kwenye disketi ya KB 360 pima kwanza nafasi iliyobaki kwa huduma ya DOS ya INT 21h, AH=36h.

Kagua pia safu ya mistari. Kwa modeli ya large, ambayo pointa ina baiti 4, kila mstari una rekodi ya baiti 20, hivyo katika KB 64 zinaenea 3,276. Ukiongeza wa 3,277, hesabu inazunguka na realloc, amri ya kupanua nafasi, inaombwa baiti 4. Weka kikomo, na ukifika hapo programu ikatae kufungua faili.