Gapi au samaki wa vidimbwi?

Mombasa huna haja ya hita ya tangi la samaki. Joto letu linatosha. Swali ni umfuge yupi.

Gapi, samaki mdogo wa mapambo, asili yake Amerika Kusini, hana maringo. Maji ya kisima yenye chumvichumvi, yale yanayoacha magaga meupe kwenye birika, kwake si taabu. Hatagi: huzaa vitoto vinavyoogelea papo hapo, kila baada ya wiki 4 hivi. Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hata ukimtenga ataendelea kuzaa. Weka mimea mingi, maana mama huwala wanawe. Baadaye tangi litafurika gapi na majirani watakukimbia usije ukawagawia.

Samaki wa vidimbwi, jina la kitaalamu Nothobranchius palmqvisti, ni mwenyeji wa vidimbwi vya msimu, kusini mwa pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania. Dume ana mwili wa buluu na mkia mwekundu. Gapi wa dukani haoni ndani. Kidimbwi kikikauka wakubwa hufa, mayai hungoja mvua topeni. Nyumbani, wape bakuli la vumbi la makumbi ya nazi lililochemshwa, watagie humo. Vumbi hilo lenye mayai likamue, liweke likiwa na unyevu ndani ya kopo lililofunikwa kwa miezi 2 au 3, kisha limwagie maji. Vitoto vinataka chakula hai, hapo ndipo wengi hushindwa.

Mtoto wa shule mpe gapi. Mimi nachukua huyu wa kwetu, japo maisha yake ni mafupi. Gapi waliozidi, tafadhali, usiwatupe mtoni.