Jumamosi yangu na chama cha sayansi Mwanza: konokono ndio waliong'ara

Nilikwenda kwa ajili ya mwanangu wa darasa la sita. Chama ni cha watu wa hapahapa Mwanza wanaopenda sayansi. Kiingilio shilingi 2,000, watoto bure. Nilidhani nitakuta meza kuu, mgeni rasmi na risala. Kumbe ni turubai, viti vya plastiki, na ziwa hilo hapo mbele.

Tuliambiwa saa tatu, wakaanza saa nne na robo. Tuliowahi tukaambulia pole.

Sasa konokono. Kijana wa maabara, amevaa glovu, alikuwa na glasi mbili za maji zenye konokono bapa, waliojizungusha kama mkanda, hata ukucha wa kidole gumba hawafiki. Glasi moja imefunikwa kitambaa cheusi, nyingine imekaa juani tangu asubuhi. Akachukua tone la ile ya juani, akaliweka kwenye hadubini. Nilipoinama nikaona vidudu vinafurukuta, mkia umegawanyika mwishoni kama panda ya manati. Hao hutoka kwenye konokono, na ndio wanaopenya ngozi na kutuletea kichocho. Tone la glasi ya gizani? Karibu tupu.

Mama mmoja akauliza, "Mwanangu, sisi tunaofua ziwani saa sita mchana tumekwisha?" Akamjibu kwa heshima: "Mama, jua likiwa kali ndipo wanapotoka kwa wingi. Chota maji, yaache siku mbili, watakuwa wamekufa, ndipo ufue."

Mimi nimekulia Igombe, kando ya ziwa hilihili. Shuleni tulimeza vile vidonge vikubwa vichungu vya kichocho, jioni tukapiga mbizi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dawa inaua minyoo iliyomo mwilini tu, haikukingi ukirudi majini. Nimeyajua haya nikiwa na mvi.

Kasoro zipo. Hadubini moja kwa watu kama hamsini. Mwanangu alichungulia mara moja, akasukumwa. Mzungumzaji wa pili alileta magugu maji, habari tamu kabisa: mmea wa Amerika Kusini, na wadudu walioletwa makusudi kuja kuutafuna. Ila maandishi yake ukutani yalikuwa madogo, tena Kiingereza kitupu, na watu wakaanza kuaga mmojammoja. Halafu choo. Kimepigwa kufuli, mwenye ufunguo hajulikani! Tumetoka kufundishwa kwamba kichocho cha tumbo huanzia kwenye kinyesi kinachoishia majini, halafu watu wanaulizana wajisaidie wapi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawapa ufunguo ukipatikana. Mwezi ujao wameahidi darubini ya kutazama mwezi, na tutakwenda mawingu yakituruhusu.

Mwanangu ameshaniomba glasi yangu ya chai aweke konokono. Nimemkatalia.